Sista Jemima Sanga, Aliyewatoa Wazee Vitini

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Sista Jemima Sanga anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya uuguzi. Alianza kazi Shimoni mwaka 1991, akivuka kwenda Wasini kila wiki kuchanja watoto huku akitapika njia nzima, maana yeye na bahari hawaelewani mpaka leo. Kisha akahamia Msambweni, na mwaka 2012 akaletwa huku kwetu bara, kwenye zahanati ya vyumba vitatu, akagoma kuondoka. Diani walimwita mara mbili. Alijibu kwamba kule watu hupishana bila kuamkiana.

Ni mkali, tusidanganyane. Mimi wa maabara nimefokewa kwa kuchelewesha majibu, kwa kunywa soda mbele ya wagonjwa wa sukari, na mara moja kwa kupiga miayo. Nimeombwa niandike mambo ya kufurahisha tu, lakini la mwezi Machi siwezi kuliruka. Mwenyewe Sista amenikataza nisiliruke.

Kwa miaka mingi aliwahubiria wazee wenye presha na sukari watembee. Walimwitikia ndiyo sista, ndiyo mwanangu, wakarudi nyumbani wakakaa kitako. Kutembea bila shughuli, walisema, ni mambo ya wageni wa hotelini. Mwaka jana alipotoka mafunzoni Ukunda aliacha kuhubiri. Akawa anamwuliza kila mzee anaweza kufika wapi, atatoka baada ya jambo gani ambalo tayari hulifanya kila siku, na atahesabu vipi ili aone anavyoendelea. Mzee Chome alichagua kwenda dukani baada ya chai, akirudi atie alama kwenye kalenda. Alitia alama miezi miwili bila kuruka siku. Nilipompima, sukari ilikuwa imepanda! Kumbe dukani alikuwa akienda kwa bodaboda. Sista alicheka mpaka akaomba kiti, kisha akamfokea nusu saa nzima.

Bi Mwanatumu hakuwa mtu wa ujanja huo. Ni mjane wa miaka sabini na miwili, anaishi peke yake, na presha yake ilikuwa inatutisha sote. Alichagua kutoka baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijakolea. Kwa kuwa hajui kuandika, Sista alimpa mfuko wa vijiwe vyeupe: pale magoti yatakapokataa aweke kimoja, kesho yake ajaribu kupapita. Akamwambia pia ahesabu hatua zake kwa sauti ndogo. Baada ya wiki tatu presha ikaanza kushuka, na Sista akawa anatembea na daftari alimoandika hatua na presha zake, akimwonyesha kila mtu.

Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria jirani anaona nini. Hebu waza. Bikizee yuko peke yake, hakujapambazuka vizuri, midomo inamcheza. Anafika penye kiingilio cha boma la watu, anainama, anaacha kijiwe cheupe, anarudi zake. Kwenye boma la Bwana Tsofa vilikuwa vimefika kumi na kimoja. Kisha mbuzi wa Tsofa wakaanza kufa, watano katika wiki moja.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, Mwanapili, mhudumu wetu wa afya kijijini, alipiga simu akilia. Watu walikuwa wamezingira nyumba ya Bi Mwanatumu, wakimwita mchawi. Tulipanda pikipiki moja watatu, dereva, mimi na Sista. Tulikuta watu kama arubaini. Niliona mapanga. Niliona dumu la petroli, wallahi, liko mkononi mwa mtu ninayemjua, niliyempima malaria mwaka juzi. Bi Mwanatumu alikuwa ndani amejifungia kwa komeo, na sauti yake tukiisikia akimwomba Mungu.

Sista alipita katikati yao akaupa mlango mgongo. Akawaambia vile vijiwe ni vyake yeye, aliviokota Diani kwa mkono wake, na kama ni uchawi basi mchawi ni yeye, waanze naye. Akafungua daftari akawasomea siku moja moja, tarehe, hatua, presha. Mtu akapaza sauti kwamba basi wachawi ni wawili. Jiwe likarushwa likagonga mlango, shubiri moja kutoka sikioni mwake. Mimi nilirudi nyuma. Naliandika hapa kwa aibu, kwa sababu yeye hakurudi.

Hapo Tsofa akauliza swali lake. Kama ni mazoezi, kwa nini kwake vijiwe kumi na kimoja na kwa wengine kimoja kimoja? Sista akamjibu kwamba kutoka kwake njia inapanda, na magoti ya Bi Mwanatumu yalikuwa yanashindwa hapo kila siku. Akamtaka waende wote wakajaribu. Wakaenda, umati mzima nyuma yao, na mimi nikabaki mlangoni na roho mkononi. Tsofa ana kitambi na presha ambayo kwa miaka mitatu alikataa kupimwa. Alipanda hatua sitini akaketi chini akihema. Mtu mmoja akacheka, wa pili akacheka, na polepole watu wakaanza kushika njia zao. Wiki ile ile daktari wa mifugo alikuta maradhi kwa mbuzi wa maboma manne.

Sista hakujisifu. Jumatatu aliandikia wakubwa kwamba kosa lilikuwa lake, alimtuma mtu njiani bila kuwaambia majirani. Akaupanga mpango upya. Sasa hakuna mzee anayetoka peke yake, wanatoka jua limechomoza, na kila safari ni ya kwenda kumjulia mtu hali. Wazee arubaini na watatu wanatembea hivyo leo, Tsofa akiwemo, na dawa anameza.

Lakini Bi Mwanatumu hajatia mguu njiani tangu siku ile. Kila Jumanne kwa miezi minane Sista amekwenda kwake, mwanzoni wakizungumza mlango ukiwa umefungwa, baadaye wakizunguka uani pamoja, mizunguko minane, ukuta hadi ukuta. Presha imerudi juu. Mwezi uliopita Sista aliniambia kwamba kustaafu hakumtishi, kinachomtisha ni kumwacha yule mama ndani.

Jumapili iliyopita Mwanapili alileta ujumbe. Bi Mwanatumu atakuja kumuaga Sista, kwa miguu, kwa njia ile ile, na gari amelikataa. Sista aliposikia aliingia chumba cha sindano akafunga mlango, na sote tulimsikia akilia. Anaogopa. Mimi pia naogopa.

Basi nyinyi mnaokaa kando ya njia ile, Ijumaa saa tatu asubuhi tokeni nje, nawaombeni. Msimkodolee macho wala msimpigie makofi. Mwamkieni tu, shikamoo Bi Mwanatumu, kwa jina lake, mmoja baada ya mwingine, asipite boma hata moja kimya. Bwana Tsofa amesema atakuwa nje tangu saa mbili, na ataweka kiti kivulini kwa ajili yake.

Nawe Sista Jemima, siku hiyo tunakuomba ukae pale tutakapokuweka, usikimbie kumpokea njiani. Asante kwa miaka yote hii, na kwa kusimama kwenye mlango ule sisi wengine tuliporudi nyuma. Mungu akupe ustaafu wa afya na amani tele. Tutakuwa pamoja nawe barazani hapa zahanati, tukimngoja afike.

Abdulrahman, Maabara