Mchungaji Kijiko na Onyo Lisilo Lake

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mchungaji wetu wa hospitali anastaafu baada ya kutumikia miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Alikuja na suti moja na nywele kichwa kizima. Anaondoka na suti ileile, nywele zimemtangulia. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, mpishi mkuu, niandike wasifu wake, eti kwa kuwa nimemlisha kuliko mtu mwingine yeyote hapa. Nikaambiwa niandike ya kufurahisha, na lile jambo la onyo lililomo kwenye faili lake nilipite kimya kimya. Ya kufurahisha nitaanza nayo. La onyo silipiti, kwa sababu mtu huyu hawezi kutoka getini na jina lililochafuka ilhali aliyelichafua yupo. Katibu wa kamati asilaumiwe. Ukurasa huu nimeupeleka mwenyewe kwa mchapaji.

Wengi mnamwita Mchungaji Kijiko. Kwa wasiojua, mzee huyu hutembea na kijiko chake kwenye mfuko wa shati, ubavuni mwa kalamu, maana husema chakula kizuri hakipigi hodi mara mbili. Kuna siku alimfungisha ndoa muuguzi wa wodi ya watoto, na wakati wa kutia sahihi cheti akachomoa kijiko, akakikandamiza kwenye karatasi kwa uso mzito kabisa. Bibi harusi alicheka mpaka wanja ukamshuka mashavuni.

Nilipoajiriwa jikoni nilikuwa nachemsha kahawa kama watu wanavyochemsha mizizi ya dawa, nusu saa nzima, sukari humohumo. Mchungaji alionja, akaniuliza kwa upole kama hayo maji nimeshaoshea sufuria au ndiyo nataka kuoshea. Kesho yake alikuja saa kumi na moja alfajiri na buni kwenye mfuko wa karatasi. Akanionyesha kuikaanga kwenye karai bila kuacha kuigeuza, kuitwanga papo hapo, na kuepua maji kabla hayajawa na hasira. Sukari aliikataza, alisema kazi yake ni kuficha makosa. Tangu siku ile kila asubuhi alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha la kutolea sahani, akafumba macho, akanusa kwanza, ndipo akanywa. Akimaliza alijipapasa tumbo na kuguna kama mtu aliyepokea habari njema.

Kwa chakula hakuwa na unafiki. Maharage yangu yakitoka magumu alitangaza mbele ya foleni yote kwamba haya yamesali lakini hayajaokoka. Wali ukishika chini alikuwa wa kwanza kuja na kijiko kudai ukoko, na ole wake mfagizi aliyemtangulia. Nimemkasirikia mara nyingi, wallahi sina haja ya kudanganya. Lakini ndiye mtu pekee katika jengo hili aliyekula chakula cha wagonjwa kana kwamba kimepikwa kwa ajili ya watu.

Na huko wodini ndiko ulaji wake ulikokuwa kazi. Hakuanza na maombi. Alianza kwa kumuuliza mgonjwa amekula nini, na kama angepewa ruhusa angekula nini. Aliamini mtu anayeweza kutaja chakula anachokitamani bado hajafunga mizigo. Mzee mmoja fundi viatu alikaa wiki tatu bila kumjibu daktari wala mkewe. Mchungaji alipomuuliza habari ya supu, akafungua mdomo na kusema iwe na pilipili. Mkewe alilia pale pale. Mzee hakupona, lakini alikufa akiwa ameongea na watu wake siku sita. Wangapi wamemwomba Mchungaji chupa ya kahawa na kipande cha mkate kwa saa zao za mwisho, mimi najua, kwa sababu chupa zilijazwa kwangu.

Sasa nakuja kwenye lenyewe.

Miaka kumi na moja iliyopita mama yangu alilazwa hapa kwa ajili ya upasuaji wa tumbo. Mnajua utaratibu: anayepasuliwa huwekewa kadi nyekundu miguuni mwa kitanda, asile, asinywe, na jina lake huletwa jikoni kwenye orodha ili tumkate kwenye mgao wa chakula. Mama alifungishwa hivyo Jumatatu, mchana akaambiwa chumba cha upasuaji kimejaa. Akafungishwa Jumanne, akaambiwa mashine ina hitilafu. Mwanamke wa miaka sabini na moja, siku mbili anapewa kijiko cha uji jioni na maneno matamu. Jumatano alfajiri jina lake lilikuja tena kwenye orodha. Nilichukua kalamu yangu nikalipiga mstari mimi mwenyewe, alama ya kwamba huyu leo hapelekewi chakula.

Mama alikuwa amenitumia salamu kwamba atakufa kwa hamu ya kahawa kabla kisu hakijamfikia. Nikasema moyoni, hawa leo nao watamrudisha tu, wamezoea. Nikajaza chupa. Nikapaka mkate siagi. Mchungaji alipomaliza kikombe chake nikampa akampelekee, kwa kuwa mimi siruhusiwi kutoka jikoni wakati wa kugawa. Sikumwambia kwamba mama yumo kwenye orodha. Narudia ili nieleweke: nilijua, na sikumwambia.

Alifika wodini saa kumi na mbili. Mama, mjanja wa kuzaliwa, alikuwa ametundika mtandio wake juu ya ile kadi. Alikula, akanywa, akamsimulia Mchungaji habari za ujana wake. Saa mbili wakaja kumchukua. Siku hiyo mashine ilikuwa nzima na chumba kilikuwa wazi. Alipolazwa kwa dawa ya usingizi, vile alivyokula vilipanda vikaingia kwenye mapafu. Alikaa siku nne kwenye mashine ya kupumulia, akafa Jumapili asubuhi.

Kikombe cha ile chupa kilionekana chini ya kitanda, na mgonjwa wa jirani akasema aliyekileta ni Mchungaji. Kikao kikaitwa, watu watano na karatasi zao. Mimi niliitwa kueleza habari ya orodha. Nikawaonyesha mstari wa kalamu yangu juu ya jina la mama yangu mzazi, nao wakanipa pole, kisha wakalipongeza jiko kwa umakini. Waliponiuliza kuhusu chupa nikasema Mchungaji huchukua kahawa kila siku, jambo ambalo ni kweli, na Mungu anajua kweli hiyo niliitumia kwa kazi gani. Mchungaji alikuwa amekaa mbele yangu. Walipomgeukia akasema kahawa ni yake na mkono uliompa mgonjwa ni wake. Basi.

Alipewa barua ya onyo. Alikatazwa kuingiza wodini kitu chochote zaidi ya kitabu chake. Ukuu wa idara, ambao kila mtu alijua ni wake mwaka ule, akapewa mwingine. Mazikoni, kaka yangu, dereva wa gari letu la wagonjwa, alimsimamisha kwenye mlango wa nyumba ya mama mbele ya umati na kumwambia asikanyage. Alisema maneno ambayo siyaandiki kwa kuwa kuna watoto watakaosoma. Mchungaji alifanya maombi yake akiwa amesimama barabarani, juani, peke yake. Mimi nilikuwa ndani naandaa chakula cha waombolezaji. Nilimwona kupitia dirisha. Sikutoka.

Kaka hajamsalimia tangu siku hiyo. Miaka kumi na moja wanapishana kwenye korido moja, mmoja akisukuma kitanda, mwingine akisogea ukutani kumpisha.

Na Mchungaji je? Kesho yake baada ya mazishi alikuja jikoni saa ileile, akakaa, akaomba kahawa. Alinusa, akanywa yote, akaguna. Nilitamani aisukume pembeni, anitukane, avunje kikombe. Hakufanya hivyo siku hiyo wala siku nyingine. Sikuwa nikijua kwamba mtu anaweza kuadhibiwa kwa kusifiwa kahawa yake. Mimi mwenyewe sijaionja tena. Naipima kwa harufu tu.

Nilijaribu kusema. Mara ya kwanza nilipofungua mdomo alinionyesha kwamba uji unaungua, na kweli ulikuwa unaungua. Mara ya pili, mwaka jana, nilifunga mlango wa stoo na kumwambia yote huku nalia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema alijua tangu mle kikaoni, nilipokwepa macho yake. Akasema wakati ule nilikuwa mjane mwenye watoto watatu, na yeye hakuwa na wa kumlisha ila tumbo lake. Tena akasema kosa lake analo: aliuona ule mtandio na hakuufunua kusoma kadi, kwa sababu alikuwa na haraka ya kumwona mgonjwa akila. Akaniomba ninyamaze. Nimemtii, na utii huo umenifaa mimi, haukumfaa yeye hata kidogo.

Watoto wangu sasa wakubwa, wanajitegemea. Sina tena wa kujifichia nyuma yake. Naomba utawala uitoe barua ile kwenye faili la Mchungaji kabla ya Ijumaa na kuiweka kwenye langu, na wakiitisha kikao kingine nitakuja bila kuitwa mara mbili. Marehemu alikuwa mama yangu, chupa ilikuwa yangu, na aliyejua nilikuwa mimi.

Mchungaji anahamia kwa dada yake, kwenye nyumba yenye shamba dogo na jiko ambalo, kwa maneno yake, linahitaji kuhubiriwa. Wafanyakazi wenzake tumemnunulia kinu kipya na karai nzito. Kwa niaba ya wauguzi, wafagizi, madaktari, walinzi, na wagonjwa wote uliowauliza wangependa kula nini, asante, Baba. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na hamu ya kula isiyokwisha. Nisamehe kwa kutokutii safari hii.

Kaka yangu, najua utakuwa ukumbini, nyuma kabisa karibu na mlango, kwa sababu zamu yako inakulazimu. Ukishasoma hapa, usinitafute mimi kwanza. Nenda mbele ukampe Mchungaji mkono, na umwambie aje nyumbani kwa mama, aingie ndani. Mimi nitakuwa jikoni. Ukimaliza na yeye, njoo.