Bega la Kipa Ormerod

Alhamisi, tarehe 27 Machi 1952, nilikuwa ndani ya basi la kwenda Rochdale, nikitoka kwenye darasa letu la watu wazima. Mbele yangu aliketi Bi Edna Ormerod, mke wa golikipa wa timu yetu. Mfumaji mmoja wa kiwandani, aliyemtambua kwa picha ya gazetini, alihamia kando yake.

"Shemeji, keshokutwa anadaka?"

"Hadaki. Bega limeteguka tena. Leo nimemfunga vifungo vya shati kama mtoto."

"Lakini mwezi jana liliteguka akahamia winga, akacheza mpaka mwisho! Yule ni mwanamume."

"Alihamia winga kwa kuwa sheria hairuhusu kumwingiza mwingine. Angetoka, mngebaki kumi."

"Hii ni nusu fainali, shemeji!"

"Basi kadake wewe. Mshambuliaji wao akupige kikumbo, akuingize golini pamoja na mpira wako, refa aseme ni halali, kisha mkeo akuvue viatu."

Abiria walicheka. Mimi nilikuwa nimefungua kitabu, ila sikugeuza ukurasa. Mfumaji hakucheka.

"Baba yangu amekufa bila kuiona timu hii ikicheza fainali Wembley," alisema taratibu.

"Pole, bwana. Mume wangu bado yu hai, na mkono mmoja bado mzima."

Basi likasimama. Bi Edna alishuka, naye mfumaji akashuka nyuma yake, akiwa amembebea kikapu, angali anambembeleza.

Wewe uliyesoma haya, msomee na jirani yako, kisha msikilize atamtetea nani.