Bu Retna na Ramani Iliyotunyima Usingizi

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba, Bu Retnaningsih, mama yetu tunayemwita Bu Retna, anastaafu baada ya kuutumikia mji wetu wa Karangwetan kwa miaka thelathini na mmoja. Alianzia Idara ya Afya akiwa mtakwimu, kisha akahamia kwetu Mipango. Hapo ndipo usingizi wetu ulipoisha.

Alikuja na ramani ya watafiti wa chuo kikuu. Ilijumlisha maji yaliyotuama, msongamano wa nyumba na wagonjwa wa dengi, ikapaka wekundu mahali ambapo homa ingeua kwanza. Kwa watafiti ilikuwa makala tu. Yeye aliitaka mezani petu, kabla ya hati ya kiwanja chochote kutiwa sahihi. Tulimtania mno. Akipita na bakuli lake la soto, hakukosekana mtu wa kuuliza, "Bu, supu nayo nyekundu?" Alicheka, akaketi, akala.

Kisha likaja suala la Tegalanyar. Familia zilizobomolewa nyumba na bahari ziliahidiwa kujengewa pale, na pale ramani ilikuwa nyekundu tupu. Mkuu wetu wa wakati huo, Bwana Sudarmaji, au Pak kama tulivyomwita, alifoka: "Watu wanalala kwenye mahema, wewe unaniletea rangi! Ukikosea je?"

Bu Retna aliitandaza ramani mbele yake. "Nikikosea, Pak, nitakuwa nimewatesa bure. Naogopa. Lakini nikinyamaza, tutazika watoto wao."

Mkuu akakubali shingo upande. Mradi ukahamishiwa mlimani, nazo familia zikakaa kwenye mahema msimu mmoja zaidi. Mzee mmoja alifia humo kwa ugonjwa wa kifua. Bu Retna alikwenda mazishini, akasimama nyuma, na hakuna aliyemsalimu. Mvua zilipokuja, Tegalanyar ilizama, na dengi ikatapakaa kandokando yake. Mlimani watoto walicheza. Tangu hapo hakuna mchoro wa jengo unaopitishwa bila kulinganishwa kwanza na ramani ile.

Mwezi uliopita aliifanyia marekebisho yake ya mwisho. Safari hii mtaa wake mwenyewe umekuwa mwekundu. Tulimsihi, "Bu, hamia kwa mwanao, mjini Solo, kabla ya mvua."

"Na majirani zangu wahamie kwa nani?" akatujibu. "Nyie chimbeni mtaro!"

Asante, Bu, kwa kutufundisha kuogopa mapema. Mtaro tumeuanza Jumatatu. Haujafika mlangoni kwako, na mawingu yamekwisha kushuka. Tunakutakia afya njema, na mvua ichelewe.