Siku Saba za Ghala Namba Tatu: Tunamuaga Mkaguzi Bang Ok-hyeon

Tarehe 30 Juni Mkaguzi Bang Ok-hyeon anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika Ofisi Huru ya Uangalizi wa Wakala wa Mbegu, hapa mkoani Jeolla Kusini. Alianza masjala, akipanga mafaili ambayo hakuna aliyeyasoma. Yeye aliyasoma. Mwaka wa tatu wakampa cheo cha ukaguzi, nadhani ili anyamaze.

Chini ya meza yake kuna jozi ya buti za mpira za kuingilia maghalani, na maofisa wa Wakala wakiziona miguuni mwake hupoteza hamu ya chakula. Mchana hula supu yake ya soya akiwa amesimama. Amefundisha wakaguzi kumi na wanne, nami nikiwa mmojawapo, na hakuna aliyewahi kusifiwa mbele ya watu.

Lakini anayemfahamu atauliza habari za Aprili ile, miaka tisa iliyopita.

Mzee Tak Pil-su, mkulima wa kijiji cha Samhwa, aliingia ofisini na trei ya miche ya mbegu alizopewa mapema kutoka Ghala Namba Tatu la Wakala, akaiweka juu ya karatasi za Bang. Ilikuwa udongo mtupu.

"Wakala wanasema nimeloweka mbegu vibaya," alisema. "Mama Mkaguzi, naloweka mpunga tangu hujaolewa."

Siku hiyohiyo Bang alikwenda Ghala Namba Tatu. Vyeti vya shehena zote kumi na mbili vilisema kitu kimoja: katika kila mbegu mia, tisini na nne zimeota.

"Mpunga hauelewani hivyo," aliniambia, akafunga mlango kwa lakiri ya ofisi yetu. Malori yalikuwa yaondoke kesho yake asubuhi, kwenda kwa familia mia nane.

Mkurugenzi Kwak wa Wakala alikuja mwenyewe. "Msimu ukipita, utawalisha wewe?"

"Na zisipoota, Bwana Mkurugenzi, utawapelekea nini?"

Kwak hakuwa bosi wake, wala hakuwa na uwezo wa kumhamisha. Ndiyo maana ofisi yetu ipo. Sheria ilimpa Bang siku saba. Alichukua sampuli mbele ya maofisa wa Wakala, nusu akaipeleka maabara ya mkoa mwingine, nusu akaiotesha hapa kwenye karatasi zenye maji.

Siku ya tatu hakukuwa na dalili yoyote ya kuota. Wakulima walijaa langoni, na wengi hawakuwa upande wake. Wakati wa kuloweka ulikuwa umefika na mbegu zao zilikuwa chini ya lakiri yake. Nilimwona akimimina chai nje ya kikombe.

Siku ya tano alikuja Nam Su-jeong, mkuu wa maabara ya Wakala, rafiki yake wa miaka ishirini.

"Dada, vile vyeti nilisaini mimi. Kabati la kuoteshea limekufa tangu Januari. Niliambiwa niandike kama mwaka jana." Akainama. "Binti yangu anaolewa mwezi ujao. Jina langu liache."

Bang akamsogezea karatasi. "Siwezi kuliacha. Ila andika mwenyewe, Su-jeong, kabla sijaandika mimi."

Aliandika, machozi yakimtoka.

Siku ya saba majibu yalitoka, ya kwetu na ya mkoa wa pili yakilingana. Shehena saba zilikuwa nzima. Katika tano, hazikuota hata mbegu arobaini kwa mia. Bang alivunja lakiri kabla ya adhuhuri, shehena nzima zikaondoka, na mbegu za kujazia zikaletwa kutoka mkoa jirani. Samhwa walipanda kwa kuchelewa siku tisa, lakini walipanda. Kwak aliondolewa baada ya uchunguzi. Su-jeong alipoteza cheo, na Bang hakualikwa harusini. Tangu mwaka ule, mbegu hupimwa mbele ya wakulima.

Nilipomsomea makala haya alinisahihisha mahali pamoja tu. "Usiandike kwamba sikuogopa. Niliogopa siku zote saba."

Kwenye sherehe ya Ijumaa ameomba Su-jeong aketi karibu naye. Mpaka tunakwenda mitamboni, hajajibu. Kiti tumekiweka.

Dada Bang, ahsante kwa kutufundisha kazi hii na gharama yake. Nenda ukapumzike, ule chakula chako umekaa, na miaka yako ijayo iwe myepesi kuliko hii uliyotupa.