Safari Kumi na Tatu Alizowaandalia Wengine

Tarehe 28 Juni 2025 Mwalimu Zenon Kasonso anatimiza miaka sitini na kustaafu utumishi, baada ya kufundisha Kifaransa katika shule yetu kwa miaka thelathini na minne bila kuhama. Kamati ya sherehe imeniagiza mimi, Makamu Mkuu wa Shule, niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu, na imesisitiza uwe mchangamfu. Nitajitahidi.

Alifika Julai 1991 na sanduku la bati, sweta mbili na redio. Kifaransa alikianza utotoni kwa padri mmoja mzee wa misheni, akakimalizia chuoni. Wanafunzi wa wakati ule waliokuwa wakisema Kifipa nyumbani, Kiswahili mjini na Kiingereza cha kuombea ruhusa ya kwenda chooni, walimuuliza lugha ya nne ni ya kazi gani hapa Sumbawanga. Aliwasha redio, akatafuta stesheni za ng'ambo ya ziwa, akawaambia kuna watu wanaishi karibu kuliko Dar es Salaam na wanapiga soga kwa lugha hii kila siku. Tangu hapo wakamwita Mosye, yaani "bwana" kwa Kifaransa, na jina hilo limemganda mpaka leo.

Mwaka 2006 alianzisha safari ya Bujumbura. Kila likizo ya Juni wanafunzi kumi na wawili hupanda basi hadi Mpanda na Kigoma, wakavuka mpaka wa Burundi pale Manyovu, wakakaa wiki tatu na familia zinazozungumza Kifaransa nyumbani. Kwa kuwa Kiswahili Bujumbura kimejaa tele, Mosye aliwaandikia wenyeji barua akiwasihi wajifanye hawakijui. Mtoto akiomba chumvi kwa Kiswahili, ale bila chumvi. Watoto walirudi wamekonda kidogo, lakini walirudi wanaongea.

Hawakuondoka hivi hivi. Wiki ya kwanza ya likizo walishinda nyumbani kwake Chanji, na aliyevuka geti lake alikiacha Kiswahili nje. Shemeji Silvana, mkewe, aliyekuwa akiwapikia maharage, alijifunza akiwa jikoni, na majirani wamemsikia mara nyingi akifukuza kuku kwa Kifaransa. Mboje, mtoto wa wafugaji waliohamia huku kutoka Usukumani, alikaa darasani miaka miwili bila kutamka neno. Siku yake ya tatu Bujumbura alimgombeza muuza maziwa kwa Kifaransa, akimwambia maziwa yametiwa maji. Leo ni mkalimani Arusha.

Wakirudi, Mosye aliwaita mmoja mmoja na kuwahoji huku akiandika kwenye daftari. Mkate unanunuliwa upande gani wa barabara? Mama mwenyeji akiaga watoto kwenda kulala anasemaje? Munira, binti wa mzee Mahmud mwenye duka pale Mazwi, aliulizwa ni hatua ngapi kutoka getini hadi mlangoni. Hakujua, Mosye akanuna siku nzima. Tangu mwaka ule kila mtoto alihesabu hatua. Madaftari hayo yamefika manne, na ndiyo aliyoyatumia kufundishia kundi lililofuata, kwa undani ambao uliwafanya watu waamini alikulia kule.

Mwalimu Felisian, alipohamia kwetu, alimuuliza ofisini ameishi Burundi miaka mingapi. Mosye alicheka, kisha akasema hajawahi kuvuka Manyovu. Mtu mmoja akauliza chai iko wapi.

Ndiyo, jamani. Katika safari zote kumi na tatu, ukitoa miaka ambayo machafuko na korona vilituzuia, mwenye safari hakwenda hata mara moja. Nafasi ya msindikizaji ni moja. Mwaka wa kwanza alikwenda mkuu wa shule wa wakati ule, kwa hoja kwamba safari ya kwanza lazima iwe na mkubwa. Wa pili mwenyekiti wa bodi. Baadaye mke wa mkuu wa shule, aliyeitwa matroni kwa wiki tatu hizo tu. Mwaka mmoja alikwenda mtunza stoo. Mwaka 2013 nilikwenda mimi. Sijui Kifaransa hata cha kununulia maji. Nilikula samaki ufukweni, nikarudi na vitenge viwili, na Mosye akanikalisha nyumbani kwake anihoji kama alivyowahoji watoto. Sikuwa na la kumwambia, kwa sababu sikuwa nimetazama kitu.

Kila mwaka sababu ilikuwa ile ile, na ilisemwa kwa heshima kubwa: yeye ndiye mwalimu pekee wa Kifaransa, akiondoka nani atabaki na kambi ya Kidato cha Nne? Tusidanganyane. Tulimsifia mtu mpaka tukamfungia ndani. Pasipoti yake ya kwanza iliisha muda kurasa zikiwa nyeupe, akakata ya pili.

Januari mwaka huu bodi ilikaa, na mjumbe mmoja akasema huu ni mwaka wa mwisho wa Mwalimu Zenon, safari hii aende mwenyewe. Watu walipiga makofi, wengine wakasimama. Mosye alitoa kitambaa akafuta miwani yake muda mrefu kuliko inavyohitajika. Mimi ndiye nitunzaye majalada ya watumishi. Karatasi zake za kustaafu nilikuwa nimezijaza Desemba kwa mkono wangu, na nilijua tarehe 28 Juni itaangukia katikati ya safari, wiki moja kabla ya kurudi. Nilijua ofisi za juu hazitakubali wanafunzi wabaki nje ya nchi na mtu ambaye utumishi wake umekwisha. Ilitosha niseme: ile wiki ya Chanji ifanyike likizo ya Aprili, watoto waondoke mapema kwa siku saba, wawe wamerudi kufikia tarehe hiyo. Nilinyamaza, kwa sababu watu walikuwa wanapiga makofi na sikutaka kuwa mtu wa kuharibu. Nilijiambia nitasema kesho. Hiyo kesho niliiahirisha mpaka Mei.

Mei jibu la ofisi za juu likaja kama nilivyojua, na nauli, kambi na ratiba za wenyeji vilikuwa vimeshafungwa. Barua ya kumwarifu niliiandika mimi, nikaisaini mimi, nikaipeleka Chanji mwenyewe. Aliisoma akiwa amesimama. Shemeji Silvana alisema basi waende wao wawili baadaye, kwa kiinua mgongo chake, nani atawazuia? Mosye alitikisa kichwa. Alisema, "Mji ule naujua. Nilitaka kuwasikia watoto wangu wakiomba chai."

Nilitamani anitukane. Badala yake aliniuliza ni nani atakwenda. Nikamwambia wamenitaja mimi, ila nitakataa. Akanikataza, maana bila msindikizaji safari inafutwa, na watoto kumi na wawili walikuwa wameshaanza kulala na madaftari yao. Akanipa yale manne yake. Wiki hii yote amekuwa akinifundisha jioni, kwa subira ambayo sistahili, na mpaka jana ulimi wangu ulikuwa bado unagoma kwenye salamu.

Mwalimu Zenon, shule hii inakushukuru, nami nakushukuru kwa niaba ya wote uliowafungulia mdomo. Upate mapumziko yenye afya, wewe na shemeji. Hayo ndiyo niliyoagizwa na kamati, na nayasema kwa moyo wote. Lililobaki halikuagizwa na mtu. Nilikukosea, nilijua ninakukosea, na leo naliandika hapa mbele ya wafanyakazi wenzetu ili lisibaki kuwa siri yangu ya kujistarehesha.

Kesho alfajiri tunaondoka. Jana usiku imeingia barua kutoka Bujumbura. Wenyeji wetu, ambao tuliwaarifu Januari kwamba Mosye anakuja na hatukukumbuka kuwaarifu tena, wanasema familia zote kumi na mbili zitakuja kituoni na maua kumpokea mwalimu aliyewaandikia miaka yote hii. Basi litasimama, mlango utafunguliwa, nitashuka mimi, na Kifaransa cha kuwaomba radhi sina.

Wilibrodi,
Makamu Mkuu wa Shule