Papa Cyprien Sumaili, Aliyekataa Dekoda

Papa Cyprien Sumaili, ambaye leo tunamsindikiza, alizaliwa Kibombo, Maniema, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa marehemu Papa Assani Sumaili, mfanyakazi wa reli, na marehemu Mama Adèle. Alianza shule ya misioni kulekule. Mwaka 1975 baba yake alihamishiwa Kisangani, familia ikashukia Kabondo na magunia yake, na hadi leo haijaondoka.

Sekondari aliimaliza mwaka 1981, kisha akasoma sheria katika Chuo Kikuu cha Kisangani. Wenzake walimwita Juge, yaani hakimu, kwa sababu hata mechi ya mtaani haikuanza mpaka apime magoli yote mawili kwa miguu yake, lisije moja likazidi jingine. Waliokuwa wakimcheka wako hapa leo, na wanalia kama sisi.

Tarehe 22 Julai 1989, katika parokia yetu ya Kabondo, alifunga ndoa na Mama Odile, binti wa Isangi aliyekuwa akiuza samaki wa moshi sokoni. Kabla ya ndoa, kila wiki Papa Cyprien alirudi nyumbani na fungu la samaki wake, na sisi sote tulijua kwamba samaki hawapendi. Mungu aliwajalia watoto watatu: Priscille, Bonheur, na kitinda mimba wao, Lionel, mchezaji mpira.

Aliingia kazi ya serikali mwaka 1990, na tangu 2013 aliongoza hapa mkoani ofisi inayosimamia redio na televisheni. Oktoba 2021, kampuni moja ya televisheni ya kulipia ilinunua chaneli inayoonyesha ligi yetu, ikaifungia ndani ya dekoda zake peke yake, vile visanduku vya kunasia chaneli. Jumapili ya debi, watu wa Kabondo wenye dekoda nyingine, zile za bei nafuu, waliwasha wakakuta giza. Mashabiki walilalamika, kampuni pinzani ikashtaki, na wakubwa wa Kinshasa wakamkabidhi Papa Cyprien kazi ya kusikiliza pande zote na kuandika ripoti. Msimu huohuo Lionel alichukuliwa na timu ya Lubumbashi, akaanza kuonekana kwenye chaneli hiyohiyo.

Hapo ndipo palipouma. Mjumbe wa kampuni alifika nyumbani na dekoda mpya na abonema iliyokwisha kulipiwa mwaka mzima, zawadi. Papa Cyprien alimpa chai, wakaongea vizuri, kisha akambebesha dekoda yake. Mama Odile akamsihi basi wanunue kwa pesa yao wenyewe.

“Mama Priscille,” alimjibu, “nitalipa abonema kwa mutu mwenye niko nasikiliza kesi yake? Kesho nikiandika, watasema ni mukono ya nani?”

Hata kwa jirani hakukubali kwenda kutazama. Mama Odile alikasirika, akawa anavuka avenue kumtazama mwanawe kwa rafiki yake Viviane. Mumewe alikaa kizingitini akisikia mtaa mzima unapiga kelele, bila kujua kama goli ni la mtoto wake au la wengine. Mke akirudi, alimuuliza neno moja tu: hakuumia? Florentine, dada yake mdogo, alimwambia wazi kwamba huo ni ukaidi wa punda. Akacheka, akaendelea vilevile.

Ugonjwa wa sukari ulimshika mwaka 2022, ukaanzia machoni. Ripoti yake aliimaliza akiwa anaisogeza karatasi hadi puani. Ndani yake aliandika kwamba kampuni ina haki ya kununua mechi, lakini haina haki ya kuwaficha watu wa mji timu yao. Tarehe 6 Septemba 2024 uamuzi ulitoka Kinshasa: chaneli iuzwe kwa kampuni zote kwa bei moja. Kabondo ilicheza hadi jioni. Papa Cyprien alikuwa haoni tena, hata mwanga wa mlangoni.

“Ungemuona mtoto,” Mama Odile alimwambia siku ile, “na macho yako mazima.”

“Najua,” akajibu.

Tuliumia sana, na bado tunaumia.

Dekoda ilinunuliwa wiki hiyohiyo. Mtangazaji alipoanza, Papa Cyprien akasema, “Zima sauti ya ule bwana. Nataka kusikia yako.” Na Mama Odile, ambaye hata kona haijui, alimtangazia msimu mzima: Lionel amenyoa, Lionel amekonda, soksi moja imeshuka na hakuna mtu anayemwambia. Nani kafunga, ilibidi wamuulize Bonheur baadaye.

Figo zilipochoka alilazwa hospitali. Jumapili tarehe 2 Novemba 2025 walitazama mechi yao ya mwisho kwenye simu ya Priscille. Lionel alikuwa na goti bovu, amewekwa benchi. Mama Odile hakutaka kumhuzunisha, akamwambia mtoto anakimbia vizuri. Mgonjwa alisikiliza, kisha akamshika mkono.

“Mama Priscille, mutoto iko anakaa. Wakati iko anakimbia, wewe unasahau kupumua.”

Alituacha Jumamosi tarehe 8 Novemba, alfajiri, mkono ukiwa bado kwa mkewe.

Ameacha mjane, Mama Odile; watoto Priscille, Bonheur na Lionel; wajukuu wanne; na Florentine, dada yake, anayewasomea maneno haya na ambaye hatapata tena mtu wa kugombana naye. Mama Odile ameomba kwamba kabla ya udongo tunyamaze wote, amtangazie mumewe mara ya mwisho. Ameshatuambia atakavyoanza: Lionel amefika, amesimama kushoto kwangu, goti limepona, suti inampwaya.

Pumzika kwa amani, Papa Cyprien. Sauti tumezima.