Mnyoo Chini ya Kiatu

Kijiwe kilikuwa kwenye baraza ya duka lililofungwa siku nyingi: benchi lililobonyea katikati na birika la muuza kahawa juu ya jiko la mkaa. Mvua ilikuwa imetoka kukatika, na leo utani haukuwa na nafasi. Fundi viatu alikuwa amepakata kiatu cha mdogo wake, aliyeingia msituni kumwongoza mtafiti wa minyoo bapa, asirudi. Asubuhi mtafiti alikileta. Chini ya soli, alisema, alimkuta mnyoo asiyepatikana katika kitabu chochote, na sasa anataka kumwita kwa jina la marehemu. Jioni angerudi kuchukua jibu. Fundi aliitambua mishono ya soli ile; aliishona mwenyewe. Neno "marehemu" hakulitamka yeye.

— Kubali tu, Fundi, alisema Redio, mlinzi mstaafu asiyepitwa na habari. Jina jema hung'ara gizani. Na ute wa mdudu huyo si unang'aa?

— Nimemwona kwenye chupa, Fundi alisema. Kichwa kama jembe, mdomo uko tumboni.

— Tumboni! Wembe, kinyozi, akashusha kikombe. Sasa anakulaje?

— Anamlalia konokono, anamnyonya.

— Na ukimkata?

— Mtafiti anasema kipande kinaota kichwa.

— Kata mti, panda miti! Redio akacheka peke yake. Basi hafi huyo. Na mwenye jina lake naye hafi.

Wembe akasogea, sauti ikashuka.

— Mimi nasema hakuwa chini ya kiatu. Alikuwa ndani, akatoka. Wallahi huyo si mnyoo, ni bwana mdogo mwenyewe kabadilika. Mwenzako akinyolewa…

— Ishia hapo! Fundi alifoka.

Akakifuta kiatu tope kwa kiganja. Akikubali, itabidi akamwambie mama kwamba mwanawe hayupo tena. Akikataa, yeye na mama wataendelea kuuacha mlango bila komeo kila usiku, wakimsubiri.

— Nitakubali, alisema mwishowe. Mama apumzike.

Mwanamke mmoja, mgeni pale, alikuwa amesimama akisubiri ndala yake ishonwe. Alikuwa akikitazama kile kiatu muda wote.

— Samahani, baba. Na cha pili kiko wapi?

Fundi akakigeuza kiatu, akaitazama soli iliyoachia. Wembe akanyoosha kikombe aongezewe. Muuza kahawa akaliinamisha birika; kahawa ilikuwa imekwisha.

Mtafiti alipotokea konani, Fundi alikuwa ameshatia uzi kwenye sindano, anaikaza soli upya.

— Vipi, Fundi, umeamua?

— Bado, alijibu bila kuinua kichwa. Mwenyewe hajaja kukichukua.